Mbuzi wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alifika Tawa kutoka Ikutha mwishoni mwa kiangazi, sketi yake imebanwa kiunoni kwa pini kubwa za nepi. Nilimpokea stendi, nikachukua kiondo chake, nikamsalimia nikiwa nimeangalia chini kama inavyofaa. Lakini zile pini niliziona. Huyu alikuwa mama wa kujaza mlango akiingia. Sasa hata mlango uliofunguliwa nusu ungemtosha.

Nieleze kidogo kuhusu huko kuangalia chini. Sisi Wakamba tuna kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima na aibu zimepikwa chungu kimoja, na moto wake huwa mkali zaidi kati ya mwanamume na mama aliyemzaa mke wake. Zamani wawili hao wakikutana njiani, mmoja aliingia kichakani mpaka mwenzake apite. Siku hizi tumeokoka, tunakula meza moja, na yeye huniombea kwa sauti mbele ya wageni. Hata hivyo kuna mambo ambayo mkwe hayataji mbele ya mama mkwe. Tumbo ni mojawapo. Yaliyo chini ya tumbo hata kuyawaza ni kukosa adabu.

Kwa hiyo sikuuliza kitu. Mke wangu ndiye aliyeuliza, na mke wangu ni mwalimu wa darasa la watoto wengi, hajui kuuliza polepole.

"Mama, mbona umekonda hivyo? Unaumwa?"

"Ni jua," Mama akasema. "Jua la Ikutha mwaka huu linakausha mpaka mawe."

Jua tukaliamini, kwa sababu kweli lilikuwa kali. Kilichotusumbua ni sahani. Mama alikula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, asubuhi, akala mchana, na jioni akauliza kama sufuria ina ukoko. Chapati za watoto zilipotea mezani na hakuna aliyeshtakiwa. Mtu anayekula hivyo hunenepa, lakini yeye alizidi kwisha. Baada ya muda pini za sketi zilisogezwa tena ndani.

Tawa ni mji mdogo, na kanisa letu lina macho mengi kuliko viti. Jumapili moja kina mama walimzunguka nje ya kanisa, wakamshika mikono, wakamtazama, kisha wakanitazama mimi. Siku iliyofuata mmoja wao alileta kwetu hotipoti ya wali na kuku. Alisema ni ya mgeni peke yake. Alisubiri kabisa kuona mgeni akila, na mgeni hakumwangusha. Nikaambiwa baadaye kwamba habari zimeenea sokoni: yule mwenye agroveti ananenepesha ng'ombe wa watu na kuua mama mkwe kwa njaa.

Agroveti hiyo ndiyo kazi yangu. Nauza mbegu, chakula cha kuku, dawa za kupe, dawa za minyoo ya mbuzi na ng'ombe. Watu huja wakinieleza mnyama ana nini, nami nawaambia cha kufanya, au nawatuma kwa daktari wa mifugo kama jambo linanizidi.

Siku moja ya soko, Mama alikuja dukani. Hakuwa amewahi kuja. Alisimama pembeni karibu na magunia ya pumba, akajifanya anasoma bango la dawa ya kupe mpaka wateja wote wakaondoka. Ndipo akasogea kaunta.

"Baba," akasema. Ndivyo anavyoniita. "Kuna mbuzi wangu huko Ikutha."

"Ndio, Mama."

"Anakula sana. Anakula kuliko wenzake wote. Lakini hanenepi."

Swali hilo naulizwa kila siku, hata nikisinzia nalijibu. "Anaharisha?"

"Mara anaharisha, mara hapati choo kabisa. Na tumbo linanguruma. Sanasana wakati wa maombi."

"Maombi?"

"Sisi ndio tunaomba. Yeye yuko nje. Tunamsikia."

"Sawa. Kuna kitu umeona kwenye kinyesi?"

Mama aliangalia mlangoni. Akashusha sauti. "Vipande vyeupe. Bapa, kama mbegu za boga. Vingine vinajisogeza vyenyewe."

"Unaviona kwenye kinyesi tu?"

"Na kwenye nguo."

"Nguo, Mama?"

"Majani. Nimesema majani."

Ningependa kusema kwamba nilielewa papo hapo. Sikuelewa. Ukikaa na watu wa mifugo muda mrefu unaanza kuamini kila unachoambiwa kuhusu mbuzi. Nilipanda ngazi, nikashusha chupa ya dawa ya minyoo yenye picha ya mbuzi mnene, nikaiweka mbele yake na kuanza kumweleza kwamba dawa inapimwa kulingana na uzito wa mnyama. Alisikiliza kwa makini kuliko mteja yeyote niliyewahi kupata.

"Anaweza kuchanganyiwa na uji?"

"Mbuzi wako anakunywa uji?"

"Anaupenda."

"Anaweza," nikasema, nikianza kusikia kitu kikinikuna nyuma ya masikio.

"Na kama anatumia dawa ya presha, haitadhuru?"

Vifaranga waliokuwa kwenye sanduku waliendelea kulia. Mama aligundua alichosema. Mimi niligundua alichosema. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika chupa kwa juu, nami nikaishika kwa chini.

"Mama, naomba hiyo chupa."

"Umeshaniuzia."

"Bado, Mama. Niachie."

Tulivutana kwa heshima kubwa. Mtu angepita angedhani tunashikana mikono. Yeye alikuwa anaangalia magunia, mimi nilikuwa naangalia sakafu, na chupa inakwenda huku na huku juu ya kaunta. Nthoni haikuniruhusu kusema neno moja la kweli, na hapo nikaona kwamba yeye alikuwa amelitegemea hilo tangu mwanzo. Alikuwa na binti mwalimu, alikuwa na kanisa zima la kina mama, lakini alikuja kwangu kwa sababu mimi ndiye mtu pekee Tawa nzima asiyeweza kumuuliza.

Basi nikarudi kwa mbuzi.

"Mama," nikasema, "dawa hii imepimwa kwa tumbo la mbuzi wa kawaida. Huyu mbuzi wako si wa kawaida. Ana umri. Ana dawa nyingine anazotumia. Akipewa hii anaweza kudhurika vibaya, na hata hatujui kama ni minyoo peke yake inamkondesha."

Mkono wake ulilegea kidogo.

"Huyu mbuzi aende kwa daktari."

"Daktari wa mifugo?"

"Hapana, Mama. Daktari wa watu."

Nje mtu alikuwa anapiga kelele za kuuza nyanya. Mama alifikiri.

"Na mbuzi akikataa?"

"Akikataa," nikasema, "itabidi nimwambie binti yake."

Aliachilia chupa. "Mbuzi amekubali," akasema. "Lakini si Tawa. Hapa hata mbwa wa hospitali ananijua."

Nilikuwa na vifaranga wa kupeleka kwa mteja huko Tulia, upande wa Kitui. Ni mbali, na ndiyo sababu alipapenda. Mke wangu tulimwambia Mama anataka kunyoosha miguu na kuona nchi. Alitutazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, jinsi anavyotazama watoto ambao kazi zao za nyumbani zimefanana.

"Tangu lini nyinyi mnaenda safari pamoja?"

"Tumeokoka," Mama akasema, akapanda pikapu.

Njia nzima tulisikiliza vifaranga. Karibu na kufika ndipo aliponiambia, akiwa anaangalia dirishani, kwamba kuna mama wa kanisa Ikutha alikuwa amemshauri mbuzi anywe mafuta ya taa kidogo, na mwingine akasema mbegu za papai zilizosagwa.

"Mafuta ya taa alikunywa?"

"Alinusa tu. Akaona hapana. Mbegu za papai alikula mpaka mpapai ukaisha."

Kliniki ilikuwa nyumba ndogo ya mabati, vyumba vyake vimegawanywa kwa mbao nyembamba. Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye sauti nzuri, ya kusikika vizuri. Mama aliniamuru nibaki kwenye benchi na wagonjwa wengine. Nilibaki. Lakini zile mbao hazikuzuia hata pumzi. Nilikohoa ili wajue nasikia. Mzee aliyekaa kando yangu akanipiga kiwiko. "Nyamaza, hatusikii."

"Mama, nikusaidie nini?" daktari akauliza.

"Ni kuhusu mbuzi—" Mama akaanza. Kisha nikasikia akivuta pumzi ndefu. "Ni mimi, mwanangu. Naona vitu vinatoka."

Benchi zima lilijifanya linaangalia simu.

Daktari hakucheka, wala hakushtuka. Aliuliza vinafananaje, vinatoka wakati gani, kama anawashwa huko nyuma, kama ana kichefuchefu, kama tumbo linauma. Akauliza kuhusu kikohozi cha muda mrefu, kutoka jasho usiku, kiu nyingi, kukojoa mara kwa mara. Mama akataka kujua mambo ya kikohozi yanaingiaje.

"Kwa sababu kukonda si lazima kuwe kwa minyoo, Mama. Sukari inaweza kukukondesha hivyo ukiwa unakula. Kifua kikuu pia. Na wengi wana minyoo na hawasikii chochote. Nitapima sukari na damu, na unipatie choo kwenye hiki kikopo."

"Sasa hivi?"

"Ukiweza."

"Mwanangu, choo changu hakijazoea Tulia."

Mzee wa kando yangu alilazimika kutoka nje.

Tulienda hoteli iliyo karibu, nikamwagizia chai ya moto, viazi vitamu, uji, na chochote kingine nilichodhani kingesaidia. Tulikaa hapo tukiongea habari za mvua kama watu wasio na shida duniani. Baadaye aliinuka na kiondo chake, akaenda nyuma. Aliporudi, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda uchaguzi. Kikopo kilikuwa ndani ya kiondo, kimefungwa kwa gazeti na leso juu. Msichana wa hoteli alikuja kupangusa meza, akaona jinsi Mama alivyokishika kiondo kwa upole.

"Mama, ni chakula umebeba? Niletee nikupashie moto."

Mama alisogeza kiondo karibu naye. Msichana akanyoosha mkono kwa ukarimu wake wote, na Mama akakumbatia kiondo kifuani kama mtoto mchanga, akatoka nje haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea. Nilimkuta ukutani anacheka mpaka machozi yanamtoka, nami nikaanza kucheka, na ndipo kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya ndoa yangu tulitazamana machoni.

Majibu ya maabara yalichukua muda. Sukari ilikuwa sawa. Damu ilikuwa imepungua kidogo. Kwenye choo palikuwa na tegu, ule mnyoo mrefu, bapa kama utepe, unaokaa kwenye utumbo na kutupa vipande vyake nje kidogo kidogo. Zile mbegu za boga alizoziona Mama ndizo vipande vyenyewe.

"Unapenda nyama ya ng'ombe?" daktari akauliza nyuma ya mbao.

"Ni nani asiyependa?"

"Iliyoiva?"

Mimi nilijua jibu, na Ikutha nzima ingemjibia. Mama huyu ndiye mpishi mkuu wa kila harusi na kila matanga upande ule. Sufuria ikichemka kidogo tu, yeye huchovya, huchukua kipande chenye damu bado, huonja chumvi. Kisha huonja tena kuhakikisha. Yeye husema nyama iliyoiva sana ni ya watu wasio na meno.

"Naonja tu," akasema.

"Na ng'ombe hao huwa wamepimwa na afisa wa nyama?"

"Mara nyingi. Lakini yule wa Krismasi alivunjika mguu, tukamchinjia nyumbani. Hatungeacha apotee."

Daktari alimweleza polepole. Kwamba ng'ombe anapata kitu hicho akila majani au kunywa maji yaliyochafuliwa na choo cha mtu mwenye tegu. Kwamba vijidudu hukaa kwenye nyama bila kuonekana kwa urahisi, na dawa yake ni moto, nyama iive mpaka katikati isibaki nyekundu. Kwamba vyoo vitumike, si kichaka, na mikono ioshwe kwa sabuni. Akasoma kwanza majina ya dawa zake za presha kuona kama zinapatana, ndipo akampa vidonge. Akamwambia mafuta ya taa yanaua na asiyanuse tena hata kidogo. Akamwambia pia kwamba akipata maumivu makali ya tumbo, au kutapika kusikokoma, au damu kwenye choo, asisubiri kunyoosha miguu, aende hospitali ya karibu hata kama mbwa anamjua. Na arudie kupima choo baadaye, kuhakikisha tegu ameisha.

"Nyama hiyo ya Krismasi mlikula na nani?"

Nilisikia Mama akigeuka kwenye kiti. Kisha, kwa sauti tamu ambayo hutumia kuniombea mbele ya wageni, akasema: "Watu wengi, mwanangu. Hata huyo mkwe wangu aliye hapo nje. Yeye alikula maini yakiwa bado yanatetemeka."

Mlango ukafunguliwa. Benchi lote likanigeukia. Daktari alinikabidhi kikopo.

Nilijitetea. Nilisema mimi ni mtu wa dawa za minyoo, nauza dawa hizo kila siku, sijisikii vibaya hata kidogo. Daktari akasema ndivyo wengi wanavyosema. Mama alikaa kwenye benchi pale nilipokuwa nimekaa, akakunja mikono, akanielekeza hoteli kwa kidevu.

"Kunywa uji," akasema. "Unasaidia."

Tegu sikuwa naye. Nilikuwa na ile minyoo mingine ya mviringo, ambayo mayai yake hutoka kwenye udongo wenye uchafu wa choo, nayo huingia kwa mikono na mboga zisizooshwa. Daktari aliniuliza kama huwa nanawa nikitoka kushika magunia na bustani kabla ya kula. Nilifikiria chakula changu cha mchana, ambacho hula nimesimama kaunta, mkono mmoja ukihesabu mbegu. Mama alijibu kwa niaba yangu.

"Kumbe mbuzi walikuwa wawili," akasema, na mzee yule wa benchi akapiga makofi.

Kwa sababu yangu, daktari alitaka nyumba yote ipate matibabu, watoto na mama yao. Maana yake ni kwamba hakukuwa tena na siri ya kufichika. Tulipofika Tawa, Mama aliniambia nizime gari, akajitengeneza kitambaa, akaingia ndani mbele yangu. Nilisikia maneno machache ya upole. Kisha nikasikia mke wangu.

Alilia kwanza, na hilo hatukulitarajia. Alidhani mama yake ana kansa, akawa anabeba wazo hilo peke yake tangu zile pini za sketi. Alipomaliza kulia ndipo akapandisha sauti ya darasani. Alituuliza kama sisi ni watu wazima. Aliuliza ni mbuzi gani. Majirani wote walijua kila kitu kabla chai haijachemka, na dada zake wote walipata habari kwa simu kwenye kile kikundi cha familia. Mama alikaa kitini akasikiliza mpaka mwisho, akameza vidonge vyake kwa maji, akasema, "Nilijua utapiga kelele hivi." Kisha akaomba chapati.

Mwili ulirudi taratibu, na alipopima tena choo kilikuwa safi. Mvua ilikuwa imenyesha. Alirudi Ikutha kupanda.

Nilimwona tena kwenye harusi ya mpwa wake huko. Kabla ya chakula kina mama walikutana chini ya turubai, naye akasimama kuwapa neno. Sisi wanaume tulikaa nyuma tukingoja andiko. Halikuja andiko. Alisema alikuwa na mnyoo mrefu tumboni, aliupata kwa kuonja nyama mbichi kwenye sufuria hizi hizi, aliuona kwa macho yake kwenye nguo yake ya ndani, na aliona haya mpaka nusura anywe dawa ya mbuzi. Wanaume waliangalia viatu vyao. Mchungaji alipata simu muhimu. Mama akaendelea bila haraka: ukiona hivi, ukikonda hivi, mtoto akijikuna huko nyuma usiku au akila udongo na kupauka, usinyamaze na usijitibu, nenda upimwe.

Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi, maana haikujulikana kama inafaa. Lakini alipokuwa anazunguka nyuma ya jikoni, niliona mama mmoja akimfuata, halafu mwingine, halafu wengine, kila mmoja akijifanya anatafuta kuni. Wakamzunguka na kunong'ona kwa wakati mmoja.

"Mimi si daktari," nilimsikia akisema. "Kliniki hufunguliwa Jumatatu. Tutaenda wote pamoja, na hakuna atakayesema anasindikiza mwingine. Sasa nipisheni, nyama bado nyekundu na kuna mtu ameshachukua kijiko."